Nani Alipe? Historia ya Fidia kwa Mfanyakazi Aliyeumia Kazini

Hadi katikati ya miaka ya 2010, mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyepata ajali kazini na kubaki hajiwezi tena kwa kazi yoyote alistahili, kwa mujibu wa sheria, fidia isiyozidi shilingi 108,000. Akifa, wategemezi wake hawakuweza kudai zaidi ya shilingi 83,000. Tuviweke viwango hivyo kando ya amri ya mishahara ya mwaka 2013, iliyopanga kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kibarua wa shambani aliyevunjika uti wa mgongo alifidiwa, kwa umri wake wote uliobaki, mshahara wa mwezi mmoja na siku mbili tatu. Sheria hiyo haikuwa imefutwa wala kusahaulika. Ilikuwa hai, ina sura yake katika vitabu vya sheria za nchi, na kila aliyetaka kuitaja kama ushahidi kwamba wafanyakazi wanalindwa aliweza kuitaja. Hoja ya makala hii inaanzia hapo: kuwepo kwa sheria ya fidia hakutoshi kumpa haki aliyeumia. Kinachoamua ni mambo mawili, nani ameshika fedha na kiwango kinapimwa kwa kipimo gani. Historia ya karibu miaka 200, kutoka Uingereza hadi Tanga na Mombasa, inaonyesha kwamba kila pale mambo hayo mawili yalipokaa vibaya, sheria ilibaki jina tu.

Kesi inayohesabiwa kuwa mwanzo wa mjadala huu ilitokana na ajali ya tarehe 30 Mei 1835 huko Uingereza. Kijana Charles Priestley alikuwa akimfanyia kazi muuza nyama aliyeitwa Thomas Fowler. Siku hiyo alipanda gari la farasi lililosheheni nyama kupita kiasi, gari likavunjika, naye akavunjika paja. Juri la Lincoln lilimpa fidia ya pauni 100, fedha nyingi kwa mtu wa hali yake. Mwaka 1837 majaji wa London wakaifuta. Lord Abinger, aliyetoa hukumu, aliogopa kwamba mlango huo ukifunguliwa, bwana atashtakiwa hata na mtumishi aliyelala kwenye kitanda chenye unyevu kwa sababu mtumishi mwenzake hakukitandika vizuri. Tena, alisema, mtumishi anaijua hatari ya kazi yake sawa na bwana au kumzidi, na ana hiari ya kuikataa. Miaka 5 baadaye, huko Massachusetts, dereva wa garimoshi Nicholas Farwell alinyimwa fidia ya mkono alioupoteza baada ya garimoshi kuacha reli kwa kosa la mwenzake aliyeshika zamu ya kubadili njia. Jaji Mkuu Lemuel Shaw alitoa sababu ya kibiashara: mshahara wa dereva, dola 2 kwa siku, ulikwisha kubeba ndani yake bei ya hatari.

Kutokana na hukumu za aina hiyo, mwajiri wa karne ya 19 alijipatia ngao tatu. Ya kwanza, aliyesababisha ajali ni mfanyakazi mwenzako, basi mdai yeye. Ya pili, uliijua hatari ukaikubali. Ya tatu, na wewe mwenyewe ulizembea kidogo, kwa hiyo huna dai lolote. Hoja ya Jaji Shaw haikuwa ya kipuuzi. Kama kweli kazi ya hatari ingelipwa zaidi kwa kadiri ya hatari yake, mfanyakazi angeweza kujiwekea akiba au kujikatia bima. Lakini hoja hiyo inadai mambo mawili ambayo soko la kazi halikuwahi kuyatoa: kwamba anayeomba kazi anajua ni wangapi wameumia kabla yake, na kwamba anaweza kuondoka bila watoto wake kulala njaa. Mtu anayegombea nafasi moja langoni mwa kiwanda pamoja na wenzake mia hana anachokipatania. Anaambiwa mshahara, anaitikia.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yaliletwa na mtu ambaye hakuwa rafiki wa vyama vya wafanyakazi. Otto von Bismarck, Kansela wa Ujerumani, alikuwa amewapiga vita wasoshalisti kwa sheria ya mwaka 1878. Bima ya ajali ya tarehe 6 Julai 1884 ilikuwa upande wa pili wa siasa hiyohiyo: kuwavuta wafanyakazi upande wa dola kwa kuwapa kitu cha kushika. Nia yake ilikuwa ya kisiasa, ila ujenzi wa sheria yenyewe ulikuwa wa busara. Waajiri wa sekta moja walilazimishwa kuungana katika chama kimoja na kuchangia mfuko wa pamoja. Hakuna aliyeulizwa nani alizembea. Aliyeumia akashindwa kabisa kufanya kazi alilipwa theluthi mbili za mshahara wake. Tazama jinsi maswali yetu mawili yalivyojibiwa: fedha zilitoka mikononi mwa mwajiri mmoja zikaingia kwenye mfuko, na kipimo kikawa mshahara wa mtu mwenyewe. Faida ya tatu ilijitokeza yenyewe, kwa kuwa mwenye kiwanda alilipia ajali za jirani yake, hivyo akawa na sababu ya kuchungulia mashine za jirani huyo.

Uingereza ilifuata mwaka 1897, kwa msukumo wa Joseph Chamberlain, lakini ikapita njia nyingine. Sheria yake nayo iliacha kuuliza habari za uzembe wa mwajiri. Ilitosha ajali iwe imetokana na kazi na imetokea wakati wa kazi. Aliyeumia alipata nusu ya mshahara isiyozidi pauni 1 kwa wiki, na familia ya aliyekufa ilipata mshahara wa miaka 3 usiozidi pauni 300. Mwaka 1906 sheria ikapanuliwa kufika karibu kazi zote na baadhi ya magonjwa yatokanayo na kazi. Upungufu wake ulikuwa kwenye ushikaji wa fedha. Deni lilikuwa la mwajiri mwenyewe, na sheria haikumlazimisha kukata bima. Mwajiri aliyefilisika alifilisika pamoja na mguu wa kibarua wake. Kampuni ya bima iliyokuwepo nayo ilikuwa na kila sababu ya kumwita mjane, kumwonyesha noti chache mezani na kumpa kalamu asaini kwamba hadai tena.

Marekani ilichelewa zaidi, na kisa chake cha New York kinastahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 24 Machi 1911 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilibatilisha sheria mpya ya fidia. Ilisema kwamba kumtoza mwajiri asiye na kosa ni kumnyang'anya mali yake kinyume cha katiba. Kesho yake, tarehe 25 Machi, moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York. Mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, baadhi wakijirusha kutoka ghorofa ya 9. Wenye kiwanda walishtakiwa kwa jinai wakaachiwa huru. Familia zilizofungua madai zilimalizana nao mwaka 1914 kwa dola 75 kwa kila marehemu, huku bima ya moto ikiwa imewalipa wenye kiwanda fedha zilizopita hasara waliyoweza kuithibitisha. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya roho chini ya utaratibu wa kwenda mahakamani kuthibitisha uzembe. New York ilibadili katiba yake mwaka 1913, na mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakubali kwamba fidia bila kuuliza kosa ni halali, kwa kuwa kila upande unatoa kitu na kupokea kitu: mfanyakazi anaacha haki ya kudai fedha nyingi asizo na uhakika nazo, na mwajiri anatoa fedha kidogo zilizo hakika. Neno hilo, kwamba fidia ni mapatano, tutalihitaji tutakapofika Nairobi.

Wakati Ulaya ikipanga bei ya viungo vya wafanyakazi wake, ilikuwa pia ikija kwetu. Kaiser wa Ujerumani alitia sahihi hati ya ulinzi wa maeneo ya Afrika Mashariki tarehe 27 Februari 1885, na bima ya ajali ya Bismarck ikaanza kazi Oktoba ya mwaka uleule. Dola ilikuwa moja, kansela mmoja, lakini bima ile haikuvuka bahari kwa ajili ya wenyeji waliojenga reli kutoka Tanga au waliokata mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Upande wa Waingereza, reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyoanza mwaka 1896 na kufika ziwani 1901, ilitumia karibu wafanyakazi 32,000 walioletwa kutoka India kwa mkataba. Karibu 2,500 walikufa na zaidi ya 6,400 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Simba wa Tsavo, waliowala baadhi ya wajenzi wa reli hiyo, wamepewa vitabu na filamu. Hao 6,400 hawakupata hata filamu moja.

Sheria ya kazi ya kikoloni ilijua kuadhibu kabla ya kujua kufidia. Chini ya sheria za mabwana na watumishi, za Kenya na baadaye ya Tanganyika ya mwaka 1923, kibarua aliyetoroka kazi kabla ya mkataba kwisha alikuwa mhalifu wa kufungwa jela. Aliyekatwa mkono hakuwa na sheria yake maalumu. Alichokuwa nacho ni sheria ya mazoea ya Uingereza, iliyopokelewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, pamoja na mzigo wake wa kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Mtu asimame mbele ya mashine ya kusaga mkonge, ile korona ambayo ngoma yake yenye visu huvua nyama ya jani na kuacha nyuzi, na atazame mlishaji anavyoyasogeza majani mdomoni mwa mashine siku nzima. Kisha amfikirie manamba, yaani kibarua wa mkataba, aliyetoka Songea au Kigoma, amepoteza vidole hapo, mkataba umekwisha na safari ya kurudi kwao imepangwa. Atafungua kesi Tanga kwa wakili gani, kwa shahidi gani, kwa lugha gani? Haki iliyokuwepo kwenye karatasi ilihitaji nauli ambayo hakuwa nayo.

Sheria ya fidia ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1948, na ya Kenya ilikuwa imetungwa miaka miwili kabla, baada ya migomo ya makuli wa Mombasa na Dar es Salaam tangu miaka ya 1930 kuwashtua watawala. Ilikuwa hatua mbele, kwa maana kwa mara ya kwanza kibarua alilipwa bila kuthibitisha kosa. Lakini mwaka huo unastahili kuzingatiwa. Tarehe 5 Julai 1948 Uingereza yenyewe iliutupa mfumo wake wa 1897 na kuweka mahali pake bima ya taifa ya majeraha ya kazini, iliyochangiwa na kulipwa kupitia serikali, kwa sababu nusu karne ilikuwa imeifundisha kwamba kumwachia mwajiri na bima yake deni la mjeruhiwa kunazaa mizengwe na ucheleweshaji. Nguo iliyovuliwa London ndiyo iliyovishwa makoloni. Uhuru ulipokuja, sheria ilibaki ileile, na viwango vyake viliandikwa kwa shilingi. Mwaka 1980 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 8 za Tanzania. Katikati ya miaka ya 1990 ilipita shilingi 500. Mshahara uliweza kupandishwa kwa amri ya waziri. Kiwango cha fidia kilibaki palepale, na hivyo tukafika kwenye shilingi 108,000.

Kuna wanaosema kwamba fidia bila kuuliza kosa huwafanya wafanyakazi wazembe. Hoja hii ni ya zamani sawa na sheria zenyewe, na ilijibiwa mapema. Sheria ya Uingereza ya 1897 ilimnyima fidia aliyeumia kwa utovu mkubwa wa nidhamu wa makusudi. Ile ya 1906 ikalegeza hapo kwa aliyekufa au kupata ulemavu mzito wa kudumu, na mtindo huo umerithiwa na nchi nyingi. Sababu ni ya kibinadamu: hakuna mtu mwenye akili timamu anayeuza vidole vyake kwa sehemu ya mshahara. Mwenye uwezo wa kweli wa kupunguza ajali ni yule anayenunua mashine, anayepanga urefu wa zamu na anayeamua kama kinga ya mkanda itafungwa leo au mwakani. Fidia inapomgharimu huyo, anakuwa na sababu ya kuifunga leo.

Wengine wanasema gharama zitawaua waajiri, hasa wadogo. Hapa Tanzania imetoa ushahidi ambao si wa kubahatisha. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda mfuko mmoja wa umma, WCF. Mfuko ulianza kukusanya michango Julai 2015, asilimia 1 ya mishahara kwa sekta binafsi na asilimia 0.5 kwa sekta ya umma, na ukaanza kulipa mafao Julai 2016. Aliyeumia kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye ulemavu mzito wa kudumu hupata pensheni ya kila mwezi, na mwenye ulemavu mdogo hulipwa kwa mkupuo. Kuna matibabu, utengamao, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi. Je, waajiri walikufa? Mchango wa sekta binafsi ulishushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, kisha asilimia 0.5 mwaka 2022. Mfuko uliolipa zaidi ya sheria ya zamani mara nyingi mno ukaweza pia kupunguza michango, kwa sababu hatari iliyogawanywa kwa wengi ni nyepesi kwa kila mmoja.

Kenya ilipita njia nyingine, na hapo ndipo pingamizi zito zaidi lilipotoka. Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, ijulikanayo kwa kifupi WIBA, ilimwacha kila mwajiri akate bima kwa kampuni ya kibiashara, ikampa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kazi ya kupokea madai, na kwa kifungu cha 16 ikamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani. Chama cha Mawakili cha Kenya kilipinga. Mahakama Kuu ilikubaliana nacho mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala tarehe 3 Desemba 2019: mkondo wa Mkurugenzi ni halali. Wapo waliowacheka mawakili kwamba walikuwa wanatetea ada zao. Hata kama ni hivyo, hoja yao haifi kwa sababu hiyo. Mfanyakazi anapoachishwa haki ya kwenda mahakamani, ametoa kitu chenye thamani, na mapatano ni halali pale tu anapopokea kitu chenye thamani.

Kwa kipimo cha mshahara, WIBA imesimama vizuri. Ulemavu kamili hulipwa mshahara wa miezi 96, na ulemavu pungufu hulipwa kwa asilimia yake. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi aliyepimwa ulemavu wa asilimia 40 anastahili shilingi 768,000, na hesabu hiyo hupanda yenyewe kila mishahara inapopanda kufuata bei. Udhaifu uko kwenye swali letu la kwanza. Fedha ziko kwa mwajiri au kampuni ya bima, sheria inasema dai lilipwe ndani ya siku 90, lakini haikueleza waziwazi tuzo ya Mkurugenzi itekelezwe vipi mwajiri akikaa kimya. Mahakama zimelazimika kuliziba pengo hilo kesi kwa kesi. Basi mawakili walikosea kudai kwamba njia ya mahakama ni bora, maana njia hiyo ndiyo iliyozaa dola 75 za Triangle, lakini walikuwa sahihi kuuliza nani atamshika mkono mwajiri asiyelipa.

Afrika Kusini inatuonya juu ya mapatano yasiyo na thamani. Mchimba dhahabu Thembekile Mankayi, aliyeugua mapafu kwa vumbi la mgodini, alilipwa randi 16,320 chini ya sheria maalumu ya magonjwa ya migodi. Tarehe 3 Machi 2011 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba malipo hayo hayakumzuia kuishtaki kampuni. Yeye alikuwa amefariki siku chache kabla. Hukumu hiyo ilifungua njia kwa wachimbaji wengine, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaidhinisha suluhu ya takriban randi bilioni 5. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ilisema kuwaacha wafanyakazi wa nyumbani nje ya fidia ni kinyume cha katiba, katika kesi ya mwanamke aliyezama kwenye bwawa la kuogelea la mwajiri wake.

Hukumu hiyo ya mwisho inatugusa kwa karibu. Mifuko na bima zetu zimejengwa juu ya mtu mwenye mkataba na mshahara unaoandikwa, ilhali walio wengi kati yetu ni saidia fundi, mabaharia wa mashua za uvuvi, dada wa nyumbani na madereva wa bodaboda. Sheria haiwakatai wote kwa maneno, kwa kuwa aliyeajiriwa bila karatasi ni mwajiriwa pia. Huwaangusha kwenye ushahidi. Kipimo kikiwa mshahara, asiye na kumbukumbu ya mshahara hana cha kupimiwa. Wasemao kwamba sekta hii haiwezi kuchangia wakumbuke kwamba hayohayo yalisemwa juu ya wenye viwanda wa Ujerumani, wa New York na wa Tanzania.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Historia hii inaongeza kwamba haki hiyo isipowekewa mfuko na kipimo, mnyonge hunyongwa na haki hapewi. Kwa wabunge wetu, kazi iliyobaki inajulikana: Kenya iweke nguvu ya utekelezaji nyuma ya tuzo za Mkurugenzi, na nchi zote mbili zipanue mlango kwa wasio na mikataba ya maandishi. Kwa wewe unayefanya kazi, ajali ikitokea mwarifu mwajiri mara moja, na kwa maandishi. Mwajiri naye anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7, na ukikaa kimya miezi 12 unaweza kupoteza haki yako. Tunza hati za mshahara, hata kama ni ujumbe wa malipo kwenye simu. Usisaini karatasi ya kumaliza madai kabla daktari hajapima ulemavu wako. Na akija mtu kukwambia kwamba bosi amekusaidia, mweleze kwamba fidia ni deni, nawe ulishaanza kulidai siku uliyoumia.